Sanduku Lenye Tundu: Neno juu ya Fedha za Shule Zetu za Mjini



Mwezi huu twataka kunena nanyi neno ambalo wengi hupenda linenwe ofisini tu, wala si kanisani, nalo ni neno la fedha za shule. Msingi wa maneno yetu ni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Isomeni nyumbani kwa utulivu, maana ni sura fupi, nayo haisomwi mara nyingi katika ibada zetu.

Habari yake ni hii. Yehoashi alitawazwa huko Yerusalemu akali mtoto wa miaka 7. Hata alipokuwa mtu mzima aliona ya kuwa nyumba ya Bwana imebomoka huku na huku, akawaagiza makuhani wazipokee fedha za watu, kila kuhani kwa wale awajuao, wapate kuzitengeneza nyufa. Agizo lilikuwa jema, na fedha zililetwa. Lakini mwaka wa 23 wa kutawala kwake ufa ulikuwa ungali ufa. Angalieni sana jambo hili: Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliziiba fedha zile, wala hayasemi kwamba watu walikataa kutoa. Fedha ziliingia katika mikono mingi, mikono ambayo ilikuwa na haja zake yenyewe, na hapakuwa na mahali pamoja pa kuziona. Hivyo miaka ikapita, na nyumba ikazidi kuharibika, na yamkini kila mmoja alidhani ya kuwa mwenzake amekwisha kuwaita mafundi.

Ndipo Yehoyada kuhani alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu, upande wa kuume wa mtu aingiaye. Fedha zote zilitiwa humo mbele ya macho ya watu. Na sanduku lilipokuwa na fedha nyingi hakuja mtu mmoja kuzitoa. Walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja, wakazifunga mifukoni, wakawapa wasimamizi wa kazi, na hao wakawalipa maseremala na waashi na wachonga mawe, wakanunua miti. Wala kwa fedha hizo hawakufanya kwanza vikombe vya fedha wala tarumbeta wala vyombo vya dhahabu. Nyufa zilitangulia. Katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 24, twaambiwa ya kuwa vyombo vilifanywa baadaye, kwa fedha iliyosalia, kazi ilipokwisha kumalizika.

Basi, kwa nini twawaleteeni habari hii ya kale? Kwa sababu katika mji wetu wa Dar es Salaam, tangu Mnazi Mmoja hata Gerezani, tangu barabara ya Msimbazi hata Ilala na mbele yake, zimekuwako shule nyingi zisizo za serikali, nyingine za makanisa, nyingine za misikiti, nyingine za watu binafsi. Na shule hizo huishi kwa fedha ya mzazi, tena mzazi wa Kariakoo, ambaye riziki yake hupanda na kushuka kama maji ya bahari ya Hindi. Shule zikifa, mara nyingi hazifi kwa kukosa watoto. Zafa na madarasa yamejaa. Jambo hili huwashangaza wazee wa sharika, nao huuliza, Fedha zimekwenda wapi? Nasi twasema, mara nyingi hazikuibwa. Zilikwenda mahali palepale zilipokwenda zile za Yehoashi katika miaka 23.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na kanisa kubwa la Azania Front, ambalo wageni hulitazama kutoka baharini, lilijengwa kati ya mwaka 1898 na 1902. Shule za siku zile zililishwa na marafiki wa misheni huko Ulaya, ambao walipeleka senti zao bila kutuona. Baada ya Vita Kuu ya kwanza wamisionari Wajerumani walipofukuzwa, walimu Waafrika waliendelea kufundisha mahali pengi pasipo mshahara, au kwa mshahara wa kuku na mtama. Halafu, baada ya mwaka 1925, serikali ya Waingereza ilianza kuzipa ruzuku shule za misheni zilizokubaliwa na wakaguzi wake. Halafu, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule hizo zikatwaliwa na serikali ya Tanzania, nayo ikawa mlipaji. Tazameni: misheni ililipa, serikali ya kikoloni ilisaidia kulipa, serikali yetu ikalipa. Katika miaka ya 1990 mlango ulipofunguliwa sana kwa shule zisizo za serikali, sharika nyingi zilirudi katika kazi ya shule kwa furaha kubwa, zikiwa na uzoefu wa miaka mia wa kufundisha, na uzoefu mdogo sana wa kulipa. Twalisema hili pasipo kumlaumu mtu. Mtoto aliyelishwa na shangazi hawezi kujua bei ya unga mpaka siku ya kujitegemea.

Sasa tuhesabu pamoja, maana Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, alimsifu mtu aketiye kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Tuseme shule ina watoto 240, na ada ya mwaka ni Sh. 800,000 kwa kila mtoto. Mzee wa usharika akizidisha hesabu hiyo apata Sh. 192,000,000, naye hufurahi sana, akaanza kufikiri habari za basi. Lakini hizo ni fedha za kwenye karatasi. Mtu anayejua Kariakoo ajua ya kuwa katika wazazi watano mmoja hatamaliza ada, ama kwa sababu mzigo wake umekwama bandarini, ama kwa sababu mwenye nyumba amepandisha kodi ya fremu, ama kwa sababu ameuguliwa. Ondoeni sehemu hiyo ya tano, nayo ni Sh. 38,400,000, zimebaki Sh. 153,600,000.

Walimu wawe 14, na kila mmoja apate Sh. 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 100,800,000. Sheria yataka asilimia 20 ya mshahara ipelekwe katika mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri hana ruhusa kumkata mtumishi zaidi ya nusu yake. Nusu ya pili ni ya shule, yaani Sh. 10,080,000 kwa walimu hao. Wapishi, walinzi, dereva na wafagiaji wawe 8 kwa Sh. 300,000 kila mmoja. Pamoja na mchango wao wa hifadhi ni Sh. 31,680,000. Jumlisheni yote, mtapata Sh. 142,560,000. Basi kilichobaki ni Sh. 11,040,000, ndiyo Sh. 920,000 kwa mwezi, ya uji na kuni, chaki na vitabu, maji na umeme, karatasi za mitihani, na bati linalovuja. Gawanyeni kwa watoto 240. Haifiki Sh. 4,000 kwa mtoto kwa mwezi mzima. Kila mama wa Kariakoo aweza kuwaambia fedha hiyo yanunua uji wa siku ngapi.

Wala si hayo tu. Ada huingia Januari na Julai, mihula ifunguliwapo, lakini mwalimu hula miezi 12. Desemba hakuna mzazi aletaye ada, naye mwalimu ana watoto wake na Krismasi yake kama sisi. Shule ambayo mwezi wa Februari yajiona tajiri, ikanunua viti vya ofisi, mwezi wa Mei huanza kukopa, na mwezi wa Novemba mwalimu mkuu hujificha asionane na walimu wake. Kwa hiyo twasema, fedha inayoingia Januari ina majina ya miezi juu yake. Zile za Mei si za Februari. Mwenye kuweka hesabu aandike hivyo katika daftari, mwezi kwa mwezi, na asiziguse. Yusufu huko Misri alifanya vivyo hivyo kwa nafaka, naye alikuwa na miaka saba ya kujitayarisha. Sisi tuna majuma sita tu.

Hapa tumefika mahali panapotuhuzunisha, yaani mshahara wa mwalimu.

Ninyi wa mjini mwajua asili ya jina la Kariakoo. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba mwaka 1916, waliweka mahali pale kambi ya wapagazi wa jeshi, ambao kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps, na watu wa mji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Wapagazi wale walichukuliwa kutoka vijijini kwa maelfu mengi, wakachukua risasi na unga wa watu wengine vichwani mwao, na wengi sana wakafa kwa njaa na kuhara na homa. Mishahara ya wengi wa hao waliokufa haikuwafikia jamaa zao hata leo. Hivi kila siku tutajapo jina la soko letu kubwa twataja watu waliofanya kazi wasilipwe. Na Yakobo katika waraka wake, sura ya 5, asema juu ya ujira uliozuiwa ya kwamba huo wenyewe hulia, na vilio vya wavunaji vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Angalieni: hakusema ya kuwa mfanya kazi analia tu. Fedha yenyewe inalia.

Tumesikia shule moja, ambayo hatutaitaja, ambako walimu walikaa miezi minne bila mshahara, nao wakaambiwa kila Jumatatu katika sala ya asubuhi ya kuwa wanamtumikia Bwana. Katika miezi hiyo minne lango la shule lilipakwa rangi na nguzo zake zikavikwa vigae. Wageni walipokuja walilisifu lango. Basi twauliza, je, lango lile lilijengwa na usharika? La, lilijengwa na walimu 11 pasipo kuombwa, kila mmoja akitoa chakula cha watoto wake. Hata katika orodha ya wachangiaji iliyobandikwa ukutani majina yao hayakuwamo.

Yehoyada alijua neno hili, ndiyo maana hakuanza na vyombo vya dhahabu. Nyufa za shule ni mishahara. Mtu atakaye kujua kama shule ya usharika wake ni nzima, asitazame basi wala sare za watoto; amwulize mpishi amelipwa mwezi gani mara ya mwisho.

Tena kuna jambo lililo baya kuliko kuchelewesha, nalo ni kukata na kutopeleka. Mwalimu aonyeshwa katika karatasi ya mshahara ya kuwa Sh. 60,000 zimekatwa kwa ajili ya uzee wake, naye huamini. Kumbe mfukoni hazikufika, zimenunua mafuta ya basi. Siku mwalimu huyo atakapougua au kustaafu, atakwenda na kitambulisho chake, na karani atamwambia hakuna kitu. Tusiliite jambo hili deni. Deni ni fedha yako uliyoahidi kumpa mtu. Hii ilikuwa yake tayari.

Wengine watatujibu, Ndugu, maneno yenu ni mazuri, lakini sisi ni kanisa. Tutawezaje kumfukuza mtoto wa maskini ili mwalimu alipwe? Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulipita upesi.

Usiku wa tarehe 10 Julai mwaka 2021 soko la Kariakoo liliungua. Ndilo jengo lile lenye mapaa kama miavuli, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Mwezi wa Julai ndio mwezi wa muhula wa pili. Wazazi waliolala na mtaji waliamka na majivu, na ada ilikuwa ingali haijalipwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali ilikuwa imefunga shule zote katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na nyingi hazikufunguliwa mpaka mwisho wa Juni, na walimu wengi wa shule zisizo za serikali walikaa bila kitu. Tena mwezi wa Mei 2023, na tena Juni 2024, wafanya biashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa ajili ya mashauri ya kodi. Na dukani kukifungwa hata mchuuzi wa maji hapati kitu, naye ana mtoto darasa la tatu. Mambo haya hayatakoma. Anayeendesha shule katikati ya soko, sharti ajue ya kuwa soko litatikisika katika mwaka wowote, kama mkulima ajuavyo ya kuwa mvua yaweza kukawia.

Basi, mtoto wa mama aliyeunguliwa afanyiweje? Twasema abaki darasani. Lakini twauliza neno la pili, ambalo wengi hawaulizi: nani atalipa? Maana kiti chake kina gharama hata kama hakuna aliyeilipa. Ikiwa wazee wa usharika wakikutana Jumamosi wakasema kwa moyo mkunjufu, Watoto hawa 20 tuwasamehe ada, kisha wakaenda nyumbani, hawakusamehe kitu. Wameandika hati ya Sh. 16,000,000 kwa jina la walimu. Huruma itolewayo katika mfuko wa mwingine si sadaka. Lakini wakisema, Watoto hawa 20 wabaki, na sadaka ya Jumapili mbili katika kila mwezi itiwe katika sanduku la shule mpaka Sh. 16,000,000 zitimie, hapo wamefanya kazi ya Kristo, na mwalimu hakunyang'anywa. Ikiwa sadaka haitoshi watoto 20, basi ihesabiwe yawatosha wangapi, na usharika uone haya mbele ya Mungu kwa hao waliobaki, wala usimpe mwalimu aibu hiyo aichukue peke yake.

Zaidi ya hayo, wazazi wengi hawakatai kulipa. Hawawezi kulipa kwa namna tutakavyo sisi. Tunamtaka mama auzaye nyanya alete Sh. 400,000 kwa siku moja, tena Januari, mwezi ambao mtaji wake umekwisha. Mama huyo hajapata kushika Sh. 400,000 zilizo zake pasipo kuwa na mwenye kumdai. Lakini kila siku jioni ashika Sh. 3,000. Tangu mwaka 2008, ilipoanza M-Pesa katika nchi yetu, aweza kuzipeleka akiwa amekaa juu ya ndoo yake. Sh. 3,000 kwa siku 26 za mwezi ni Sh. 78,000, na kwa miezi 11 ni Sh. 858,000, yaani ada yote na zaidi. Shule iliyo na karani mwenye subira, ambaye huandika Sh. 3,000 kwa heshima ileile aandikayo milioni, itapata ada kwa mama huyu kuliko kwa bwana mwenye duka ambaye huahidi kila wiki.

Na hapa twataka tuwasifu wanawake wa soko. Wao wana upatu, na kijumbe wa upatu hushika fedha ya watu 20 au 30. Hajasoma uhasibu. Lakini kila mmoja ajua zamu ya nani imefika, na kiasi gani, na kijumbe akikosa kutoa siku moja tu watamjia mlangoni kabla ya magharibi. Hivyo fedha nyingi hupita Kariakoo kila siku pasipo wakili wala hakimu. Wanawake hao hao Jumapili huja kanisani, husikia ikitangazwa ya kuwa michango ya shule inaendelea vizuri, nao hunyamaza. Mbona hawaulizi? Wanaona haya kumwuliza mchungaji neno ambalo wangemwuliza kijumbe. Yatupasa tuwaondolee haya hiyo.

Paulo mtume alipokusanya fedha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alikuwa mtume, alikuwa amemwona Bwana, na hapakuwa na sababu ya kumshuku. Hata hivyo twaona katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, ya kuwa hakutaka kuzichukua fedha hizo peke yake. Alitaka ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa wafuatane nazo, ili asiwepo wa kumlaumu, na ili jambo liwe safi machoni pa Mungu na machoni pa watu pia. Basi mwalimu mkuu ambaye hukasirika aulizwapo daftari, na asema, Je, hamniamini?, ajiona kuwa mkuu kuliko Paulo.

Twajua pia ya kuwa wengine wataufungua mstari wa 15 wa sura yetu, wakasema: Tazama, wasimamizi wale wa Yerusalemu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu! Naam, ndivyo ilivyo. Lakini someni kwa taratibu. Fedha hizo zilikuwa zimekwisha kupita katika tundu lisilotolewa kitu, zikahesabiwa na watu wawili wa nyumba mbili, nao wakajua kiasi walichowapa mafundi, na ukuta ulikuwa ukionekana unainuka. Anayetaka kuachiwa kama wasimamizi wale na aanze na sanduku.

Sanduku la siku zetu ni nini? Ni hesabu ya benki iliyo kwa jina la shule, na namba ya malipo iliyo kwa jina la shule. Mzazi atie, mtu mmoja asiweze kutoa. Namba ya simu ya mwalimu mkuu si sanduku, hata akiwa mtu mtakatifu, maana siku moja simu hiyo itaibwa katika daladala, au ndugu yake ataugua usiku na katika simu mna fedha. Sahihi za kutoa ziwe za watu wa nyumba mbili, kama mwandishi na kuhani. Mume na mkewe ni nyumba moja. Mchungaji na shemeji yake ni karibu nyumba moja. Kila fedha iingiayo ipewe stakabadhi, na anayepokea fedha asiwe ndiye aandikaye daftari kubwa. Mkaguzi aje kila mwaka kutoka nje, alipwe, wala asiwe mtu atakayepewa chakula cha mchana tu.

Tukiwa bado katika jambo hili, tuwatazame jirani zetu. Waislamu wa mji huu katika miaka ya 1930 walijenga shule yao kwa michango yao wenyewe, ile ya Al-Jamiatul Islamiyya, nao walikuwa wengi wao watu wa kazi ndogo. Na huko Kenya, baada ya ugomvi wa mwaka 1929 juu ya desturi ya tohara ya wasichana, Wakikuyu wengi waliziacha shule za misheni wakajijengea za kwao; mwaka 1934 wakafanya chama cha shule hizo, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akafungua chuo cha walimu cha Githunguri. Namna walivyochanga yastahili kusifiwa: kila rika lilitoa fungu lake, na marika yakashindana, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1947 Jomo Kenyatta akawa mkuu wa chuo hicho. Majengo yaliinuka, lakini taabu ya fedha haikuondoka. Serikali ya kikoloni iliwachukia kwa sababu zake, nayo mwaka 1952 ikakifunga. Sisi hatusemi ya kuwa daftari safi lingaliwaokoa, maana bunduki haisomi daftari. Twataka kuonyesha jambo jingine: ya kuwa watu hutoa kwa furaha kwa ajili ya jiwe lionekanalo, ambalo rika laweza kulionyesha na kusema, Hili ni letu, bali mshahara wa mwalimu wa mwezi wa tano hauna mahali pa kuandikwa jina la rika. Mwenye kuchangisha yampasa avumbue namna ya kuufanya uonekane. Usharika mmoja tuujuao hugawa walimu wa shule kwa vikundi: wanawake wana mwalimu wao wa hesabu, kwaya ina mwalimu wake wa Kiswahili, na upungufu ukitokea kila kikundi hujua ni nani asiyelipwa. Twaona ni shauri jema, maadamu mwalimu hafanywi kuwa ombaomba wa kwaya.

Limebaki neno moja katika sura ya 12, nalo ni chungu. Yehoashi yule yule aliyeona nyufa, mwisho wa sura, Hazaeli mfalme wa Shamu alipoukaza uso wake kuja Yerusalemu, alitwaa vitu vyote vilivyowekwa wakfu na dhahabu yote ya hazina za nyumba ya Bwana, akampelekea ili aende zake. Hakuna sanduku lililomzuia, maana yeye ndiye mfalme. Hatari kuu ya hazina ya shule si mwizi wa usiku. Ni mkubwa mwenye haja ya haki. Paa la kanisa lavuja. Gari la mtaa limeharibika. Mkutano mkuu wakaribia na wageni watalala wapi? Na katika hesabu ya shule mna Sh. 30,000,000 zimetulia. Mtu husema, Tukope tu, tutarudisha mwezi ujao, kwani si zetu zote? Wala hapana aliye na nguvu ya kukataa, kwa maana anayekopa ndiye amwajiriye anayeulizwa.

Kwa hiyo twawashauri wazee wa kila usharika wenye shule waandike katika mwandiko wa mkutano, kabla Hazaeli hajafika, ya kuwa fedha za ada haziazimwi kwa kazi nyingine kwa kura ya mtu mmoja, wala ya watu wawili, bali mkutano mzima wa washarika, wazazi wakiwamo, hata wale wazazi wasio wa kanisa letu. Hao tusiwasahau. Katika shule za mjini watoto wengi ni wa Waislamu na wa makanisa mengine. Fedha zao si sadaka kwetu, wala hawakutupa tujengee mnara wa kengele. Walinunua masomo. Tena tangu Januari 2016 serikali yafundisha bila ada katika shule zake za msingi na sekondari hata kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hata kidato cha sita. Mzazi aletaye fedha kwetu angaliweza kutoileta, naye atuletea kwa imani ya namna yake.

Mwezi wa Novemba halmashauri nyingi za shule hukutana kupanga ada ya mwaka ujao. Twaomba safari hii orodha ya kwanza isomwayo mkutanoni isiwe ya wazazi wanaodaiwa. Isomwe kwanza orodha ya wanaoidai shule: mwalimu fulani, mwezi fulani, kiasi fulani, mpishi, mlinzi, mfuko wa hifadhi, mwenye duka la vitabu. Mweka hazina aisome akiwa amesimama, kwa sauti ya kusikika hata nyuma, na walimu wawe wamealikwa kuketi humo ndani. Kisha isomwe orodha ya pili. Na Jumapili ifuatayo zote mbili zibandikwe mlangoni pa kanisa, upande wa kuume wa mtu aingiaye, ila majina ya wazazi na ya watoto yasiandikwe. Idadi yao na jumla ya deni yatosha.